Mfumo Uko Hewani, Fundi Wake Yuko Hoi

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine lilizaa hasara na mkanganyiko zaidi kuliko nafuu. Basi mlango ukafungwa, na televisheni nazo zikajumuishwa. Mwaka huohuo, jijini New York, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alichapisha makala kuhusu watu wa kujitolea katika zahanati ya bure ambako yeye mwenyewe alikuwa akihudumu. Walianza kazi wakiwa na moto. Baada ya yapata mwaka mmoja wakawa hawapati usingizi, wepesi wa hasira, wenye mafua na maumivu ya kichwa yasiyokoma. Na mwaka huohuo tena, London, Meir Lehman wa Chuo cha Imperial alitoa mhadhara akieleza jinsi programu kubwa za kompyuta zinavyobadilika na kuvimba kadiri zinavyotumika.

Matukio hayo matatu hayakujuana. Yamekuja kukutana nusu karne baadaye, na mahali pazuri pa kuyaona yakiwa pamoja ni Dodoma.

Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie huku, kwenye uwanda wa kati wenye mvua za msimu mmoja na upepo wa vumbi. Uhamisho wenyewe ulisubiri hadi 2016. Mji wa Serikali wa Mtumba ulipozinduliwa mwaka 2019, wizara hazikuja na majalada tu, zilikuja na mifumo. Mwaka huo sheria mpya iliigeuza Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanza 2012, kuwa Mamlaka yenye makao yake hapahapa Dodoma. Leo mwananchi wa Kongwa anayetaka kulipia huduma ya Serikali hupewa kontroli namba ya GePG, mfumo ulioanza 2017. Mgonjwa anaandikishwa kwenye GoT-HoMIS. Halmashauri inakusanya ushuru kupitia TAUSI. Mzabuni anaomba kazi kwenye NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Nchi iliyozikataa kompyuta sasa haiwezi kutoa risiti bila kompyuta.

Nyuma ya kila jina hapo juu wapo watu wa IT. Wapo vijana waliotoka Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, na wapo wakongwe walioanza enzi za disketi na dBase, ambao sasa wanaukaribia umri wa miaka 55, ule wa kustaafu kwa hiari, na wanaujua mwezi wenyewe bila kutazama barua. Ukiwasikiliza wakongwe hawa, nadra utawasikia wakiilalamikia kompyuta. Wanailalamikia simu. "Mfumo haufunguki." "Nimesahau paswedi." "Printa imegoma, na bosi anasubiri." Saa mbili usiku, Jumapili, msibani.

Tuanze na Lehman, kwa sababu yeye ndiye aliyegusa kiini ambacho wakubwa wengi wa ofisi hawakijui. Alichunguza takwimu za ukuaji wa mfumo endeshi wa OS/360 wa kampuni ya IBM, akaona jambo ambalo kwa jengo au barabara lingeshangaza. Programu inayotumika katika maisha ya watu lazima ibadilishwe bila kukoma, la sivyo inazidi kuwa haifai, hata kama hakuna kilichoharibika ndani yake. Na kila inapobadilishwa inakuwa tata zaidi, isipokuwa mtu akitenga nguvu kwa makusudi ya kuupunguza utata huo. Dunia inasogea, programu inabaki nyuma, mtu anaivuta. Mgogo mwenye tembe angemwelewa Lehman upesi: paa la udongo hukandikwa upya kila masika yanapokaribia, na hakuna anayemwita mwenye nyumba fundi mbovu kwa sababu hiyo.

Mfano tunao. Julai 15, 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa, ikifika hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, kiwango cha juu kikawa Sh7,000. Julai 2022 kikashuka hadi Sh4,000. Wananchi walijadili tozo, wanasiasa walijadili tozo. Kila badiliko lilikuwa pia kazi ya usiku kwa waandishi wa programu wa kampuni za simu, na tarehe ya kuanza ilikuwa imeshatangazwa kabla hawajagusa kibodi. Jambo hilohilo hujirudia kila mwaka kwa udogo zaidi. Bunge linapitisha Sheria ya Fedha hapa Dodoma mwezi Juni, Julai 1 viwango vipya vinaanza kazi, na kati ya tarehe hizo mbili kuna watu ambao hawalali. Hapo bado sijataja wizara zinapounganishwa au kutenganishwa, na majina, vifungu na ngazi za idhini zikalazimika kupangwa upya.

Kwa hiyo anayeingia kazi hii akidhani siku moja atamaliza amejidanganya kuhusu asili ya kitu anachokitunza. Kazi isiyoisha si lazima imchoshe mtu. Mkulima naye hamalizi. Kinachochosha ni namna kazi hiyo ilivyopangwa, na hapo sayansi ina mengi ya kusema.

Mwaka 1979 Robert Karasek, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, alionyesha kwamba wingi wa kazi peke yake hautoshi kueleza nani anaumia. Anayeumia zaidi ni yule mwenye madai mengi na mamlaka madogo ya kuamua. Daktari bingwa wa upasuaji ana kazi nyingi, lakini anaamua. Afisa TEHAMA ana kazi nyingi, na tarehe imepangwa na mwingine, bajeti imekatwa na mwingine, mfumo umenunuliwa na kamati ambayo hakuwamo, halafu ukigoma anaulizwa yeye. Uthibitisho mkubwa ulitoka kwa watumishi wa umma wenyewe. Utafiti wa Whitehall II ulianza London mwaka 1985 ukiwa na watumishi 10,308 wa Serikali ya Uingereza, na timu ya Michael Marmot ikabaini kwamba walio na uamuzi mdogo juu ya kazi zao walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko wenzao. Mji uliojaa watumishi wa umma, kama Dodoma ilivyo sasa, una sababu ya kuusoma utafiti huo kwa makini.

Mwanasaikolojia wa Uingereza Lisanne Bainbridge aliongeza kinaya mwaka 1983. Aliandika kuhusu viwanda vinavyojiendesha: mashine inachukua kazi nyepesi, na mtu anaachiwa zile ambazo mbuni wa mashine alishindwa kuzipa utaratibu. Yaani kadiri mfumo unavyokuwa mzuri, ndivyo matatizo yanayomfikia fundi yanavyokuwa magumu, adimu na ya ghafla. GePG inapotoa namba sawasawa hakuna anayempigia mtu simu kumshukuru. Fundi anaonekana siku ya kuharibika tu, na ndiyo maana wengi wao huamini, kimakosa, kwamba katika miaka yao ishirini hakuna kilichofanyika.

Mwili nao una hesabu zake. Ubongo ukihisi tishio, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga kotisoli, homoni inayoandaa sukari na umakini kwa ajili ya kupambana. Kwa kawaida kotisoli hupanda tunapoamka na kushuka kuelekea usiku. Mfumo huo umeumbwa kwa hatari inayokuja na kupita. Simu inayoweza kuita wakati wowote ni hatari isiyopita. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Jan Dettmers waliwafuatilia wafanyakazi 132 kutoka mashirika 13, siku nne wakiwa standbai na siku nne wakiwa huru. Asubuhi baada ya siku za standbai walikuwa na hisia mbaya zaidi, na kotisoli ya kuamkia ilikuwa tofauti. Hitimisho lao lilikuwa kwamba saa za kungoja kuitwa haziwezi kuhesabiwa kuwa mapumziko, hata kama umekaa sebuleni kwako.

Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikadorora Tanzania nzima. Hakuna mtu wa IT nchini aliyekuwa na uwezo wa kuunganisha waya ulio chini ya bahari. Hata hivyo, waliopigiwa simu ni wao. Wajibu bila uwezo: Karasek asingepata mfano mtamu zaidi.

"Achukue likizo," husema wakubwa. Likizo ni haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 kwa mwaka na kuweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Lakini Mina Westman na Dov Eden walipima jambo hili mwaka 1997 kwa makarani 76 wa kampuni moja ya vifaa vya elektroniki nchini Israel. Uchovu ulishuka wakiwa likizoni. Siku tatu baada ya kurudi ulikuwa umeanza kupanda, na baada ya wiki tatu ulikuwa palepale ulipokuwa. Safari ya Zanzibar ni nzuri kwa sababu zake nyingine. Kwa Dodoma kuna ugumu wa ziada, maana watumishi wengi waliacha familia Dar es Salaam na siku zao za kupumzika zilikuwa zikiliwa na barabara. Treni ya SGR iliyofika Dodoma mwaka 2024 imepunguza safari hiyo hadi chini ya saa nne, na kwa maoni yangu imefanya mengi zaidi kwa afya ya akili ya watumishi kuliko semina zote za kudhibiti msongo wa mawazo, ambazo aghalabu hufanyika Jumamosi.

Uchovu huu, uleule alioueleza Freudenberger, una sura tatu, kama Christina Maslach na Susan Jackson walivyozipima tangu 1981: kuishiwa nguvu, kuwa baridi na mwenye dharau kwa watu unaowahudumia, na kujiona hufai tena. Sura ya pili ndiyo inayofichika zaidi. Yule fundi anayejibu kila shida kwa "zima, washa tena" bila kuinua macho, na ambaye zamani alikuwa akija mezani kwako na kukuelekeza kwa subira, huenda hajawa na kiburi. Huenda amefika hapo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu huu kwenye orodha yake ya uainishaji wa magonjwa ya 2019, iliyoanza kutumika Januari 2022, likiutaja kuwa hali inayotokana na msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa. Haukuorodheshwa kama ugonjwa, wala hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuuthibitisha.

Tofauti hiyo ina uzito wake Dodoma. Hospitali ya Mirembe imetibu maradhi ya akili hapa tangu miaka ya 1920, na badala ya kujivunia, watu wameligeuza jina lake kuwa utani na tusi. Matokeo yake mtu aliyechoka anaogopa hata kusema amechoka. Uchovu wa kazi kwa kawaida hulegea kazi inapolegea. Sonona haina adabu hiyo: inakufuata nyumbani, inaondoa ladha ya chakula, ya mpira na ya watoto, na wakati mwingine inaleta mawazo ya kufa. Aliyefika hapo ana haki ya kumwona daktari leo, Mirembe au kwingineko, kama anavyokwenda kupima presha.

Kwa waliobaki upande wa uchovu, dawa iko ofisini. Jo Ellen Moore aliwachunguza wataalamu wa teknolojia ya habari nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2000: mzigo wa kazi ndio uliochangia uchovu zaidi, na waliochoka wenyewe walitaja upungufu wa watu na vifaa kuwa chanzo kikuu. Waliochoka ndio waliokuwa tayari zaidi kuondoka. Anapoondoka mkongwe, anaondoka na kumbukumbu ya kwa nini mfumo ulijengwa vile, jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote. Na mara nyingi huondoka bila kuhama: anapandishwa cheo kuwa msimamizi wa vikao, kwa kuwa ngazi ya ufundi imeishia chini.

Dawa hiyo haihitaji fedha za wafadhili. Kinachohitajika ni orodha ya zamu iliyoandikwa, ili anayeshika simu ajulikane na wengine walale. Ni fungu la matengenezo linaloombwa pamoja na fungu la kujenga mfumo. Ni kiti cha afisa TEHAMA kwenye kamati inayoamua tarehe ya kuanza, na mapumziko ya kufidia usiku aliokesha.

Wewe mkuu wa kitengo unayesoma haya: Bunge la bajeti huanza Aprili, na viwango vipya vitaanza Julai 1 kama kila mwaka. Bandika orodha ya zamu ukutani kabla ya hapo, yenye majina mawili au zaidi, na uandike wazi nani hapaswi kupigiwa simu kila wiki. Kisha wewe mwenyewe usimpigie.