Kati ya Wangapi? Uwasilishaji wa Utafiti wa Epidemiolojia Kongamanoni na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humlenga mgonjwa anayeona haya kutaja ugonjwa wake. Hata hivyo, yapo maradhi yasiyofichwa na mgonjwa wala na daktari, bali hufichwa na lugha ya ripoti inayoyaeleza. Mtafiti ameyahesabu, ameyachorea majedwali, na ameyasimulia mbele ya wasomi wenzake. Lakini mwenye nyumba ambaye mlango wake ulibishwa ili ahesabiwe hajui hadi leo kilichogunduliwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utafiti wa epidemiolojia, yaani taaluma inayochunguza jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea miongoni mwa watu, unavyowasilishwa katika makongamano ya afya ya umma. Aidha, yanabainisha mafundo manne ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kusaidia kuyafungua. Mifano mingi imetolewa jijini Nairobi, hasa upande wake wa magharibi.

Kongamano kama jukwaa

Nairobi ni mji wa makongamano. Katika Jumba la Kimataifa la Mikutano la Kenyatta (KICC) kulifanyika kongamano la Afrika kuhusu UKIMWI mwezi wa Septemba 2003, na mkutano wa kimataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo mwezi wa Novemba 2019. Ukitoka katikati ya jiji na kufuata barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, utazikuta taasisi ambazo kazi yao ya kila siku ni kuhesabu afya na maradhi: Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Barani Afrika (APHRC) kule Kitisuru, taaluma ya utabibu wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi katika bewa la Kabete, na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) kule Uthiru. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, nayo ina makao yake makuu katika barabara ya Mbagathi na huandaa kongamano lake la kisayansi.

Uwasilishaji wenyewe una kanuni zake. Kwanza, mtafiti hutuma ikisiri fupi, kwa kawaida ya maneno yapatayo 300, yenye sehemu nne: usuli, mbinu, matokeo na hitimisho. Kamati huisoma na kuamua iwapo atapewa nafasi ya kuzungumza au ya kutundika bango. Anayezungumza hupewa dakika kumi au kumi na tano, pamoja na dakika chache za maswali. Anayetundika bango husimama kando yake na kumweleza kila apitaye.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashindwa kuitambua hali hii. Hapa yupo fanani, ipo hadhira, upo muktadha, na ipo fomula ya kufungulia na ya kufungia. Tofauti kubwa iko katika hadhira. Katika utendaji wa kitendawili, hadhira ndiyo humwambia mtegaji "tega!", na bila kauli hiyo utendaji hauendelei. Kongamanoni, wale ambao habari inawahusu zaidi hawamo ukumbini. Wamo ndani ya jedwali tu.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwezi wa Septemba 1854, daktari John Snow alipochunguza kipindupindu kilichoua zaidi ya watu 600 katika mtaa wa Soho, London, alipeleka ushahidi wake mbele ya wasimamizi wa parokia, watu ambao hawakuwa mabingwa wa tiba. Aliwaonyesha kwamba vifo vingi viliwahusu watu waliochota maji katika pampu moja ya Broad Street. Kesho yake mkono wa pampu uling'olewa. Ni kweli kwamba maradhi yalikuwa yameanza kupungua kabla ya hatua hiyo, na Snow mwenyewe alilikiri jambo hili. Hata hivyo, tunajifunza kwamba matokeo ya utafiti yaliwafikia watu wenye uwezo wa kutenda, kwa lugha waliyoielewa.

Fundo la kwanza: asili ya sehemu

Katika hisabati, sehemu huwa na kiasi juu na asili chini. Epidemiolojia yote imesimama juu ya asili. Mwezi wa Juni 2017, watu waliohudhuria mkutano katika hoteli moja ya Nairobi waliugua kipindupindu, na mwezi uliofuata mkurupuko mwingine ukatokea katika maonyesho ya biashara kwenye KICC. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya Julai 2017 ilitaja wagonjwa 146 waliohusishwa na mkutano wa kwanza, na 136 waliohusishwa na maonyesho yale. Je, ni wapi hatari ilikuwa kubwa zaidi? Tukitazama idadi hizo peke yake, hatuwezi kujibu. Iwapo wagonjwa 146 walitoka katika kundi la watu 300, karibu nusu yao waliugua. Iwapo walitoka katika kundi la watu 3,000, waliougua hawafiki mmoja kati ya ishirini. Kwa hivyo swali la kwanza ambalo msikilizaji yeyote ana haki ya kuuliza ni hili: kati ya wangapi?

Asili ikibadilishwa, ukweli nao hubadilika. Mfano bora ni utafiti ambao APHRC ilifanya katika mitaa ya mabanda ya Nairobi mwaka wa 2000 na kuuchapisha mwaka wa 2002. Takwimu za kitaifa za mwaka wa 1998 zilikuwa zimeonyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano Nairobi vilikuwa takriban 62 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, ilhali mashambani vilikuwa takriban 113. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa mjini alionekana kuwa na bahati. APHRC ilipowatenga wakazi wa mabanda na kuwahesabu peke yao, ilipata takriban vifo 151 kwa kila watoto 1,000. Mtoto wa mabanda alikuwa katika hatari kubwa kuliko mtoto wa kijijini, lakini wastani wa jiji ulikuwa umemfunika. Mwaka huohuo wa 2002 kituo hicho kilianzisha mfumo wa kufuatilia idadi ya watu na afya katika mitaa ya Korogocho na Viwandani.

Jambo hili hulazimu kwenda mbali kuliona. Katika eneo bunge la Westlands, wadi ya Mountain View imepakana na wadi ya Kangemi. Upande mmoja kuna nyumba zenye kuta, malango na mifereji ndani. Upande wa pili, familia nyingi hupanga chumba kimoja, na maji hununuliwa kwa mitungi. Mtafiti akisimama kongamanoni na kutoa takwimu moja ya "Westlands", atakuwa amezichanganya nyumba hizi zote katika chungu kimoja, na hakuna atakayejua ladha ya kila kiungo.

Fundo la pili: waliopo na wapya

Epidemiolojia hutofautisha idadi ya watu wote walio na ugonjwa kwa wakati fulani na idadi ya watu wanaoupata upya katika kipindi fulani. Katika magazeti na redio, dhana hizi mbili hutafsiriwa kwa fungu moja la maneno, "kiwango cha maambukizi". Matokeo yake ni mkanganyiko. Chukua mfano wa UKIMWI. Dawa za kupunguza makali zinapowafikia wagonjwa wengi, watu huishi miaka mingi zaidi, na kwa hivyo idadi ya wanaoishi na virusi yaweza kubaki juu, au hata kupanda, hali maambukizi mapya yanapungua. Msikilizaji anayeambiwa kwamba "kiwango cha maambukizi kimepanda" atadhani dawa zimeshindwa, kumbe zimefaulu. Tungeweza kuepuka tatizo hili kwa kusema "walio na ugonjwa" kwa dhana ya kwanza na "wanaougua upya" kwa dhana ya pili. Ni maneno mepesi, na maana yake haigongani.

Fundo la tatu: kadirio na masafa yake

Mtafiti hapimi watu wote. Hupima sampuli, kisha hukadiria. Watafiti wa KEMRI na washirika wao wa Wellcome walichunguza damu ya wachangiaji 3,098 nchini Kenya kati ya mwezi wa Aprili na Juni 2020 ili kujua ni wangapi walikuwa na kingamwili za virusi vya korona. Waliokutwa nazo walikuwa 174, yaani asilimia 5.6. Hata hivyo, wachangiaji damu si mfano kamili wa taifa. Baada ya kusawazisha kwa umri, jinsia na eneo, na kuzingatia makosa ya kipimo chenyewe, watafiti walikadiria asilimia 4.3 kwa nchi nzima, huku Nairobi ikiwa na asilimia 7.3. Isitoshe, hawakuishia kwenye kadirio hilo moja. Walitaja masafa yake, kutoka asilimia 2.9 hadi 5.8.

Uzito wa matokeo hayo ulikuwa mkubwa. Hadi tarehe 31 Julai 2020, wagonjwa waliothibitishwa nchini walikuwa 20,636 tu. Ilhali asilimia 4.3 ni sawa na watu 43,000 katika kila watu milioni moja! Ilibainika kwamba virusi vilikuwa vimewapitia watu wengi mno bila kuhesabiwa. Lakini katika kuisimulia habari kama hii kwa Kiswahili, jambo la kwanza kudondoka huwa ni masafa. Mwandishi huchukua kadirio moja na kulitangaza kama hesabu kamili. Kadirio linalofuata likitofautiana nalo kidogo, wananchi husema kwamba wanasayansi ni waongo.

Fundo la nne: husiana na sababisha

Fundo hili ni la mnyambuliko wa vitenzi, na kwa hivyo linatuhusu sisi moja kwa moja. Utafiti mwingi wa epidemiolojia huonyesha kwamba mambo mawili huandamana. Ni nadra utafiti mmoja kuthibitisha kwamba jambo moja limezaa lingine. Kiswahili kina kauli ya kutendesha iliyo nyepesi na yenye nguvu, nayo humvuta mfasiri. Tuseme mtafiti amegundua kwamba kuhara kwa watoto kunahusiana na kununua maji ya mitungi. Mfasiri huandika kwamba "maji ya mitungi yanaharisha watoto". Kiambishi kimoja kimegeuza uhusiano kuwa hukumu. Huenda wanunuao maji ya mitungi ndio pia wasio na vyoo vya kutosha, na chanzo kikawa huko. Muuza maji ataharibiwa biashara, na choo kitabaki kama kilivyokuwa.

Neno "hatari" nalo lahitaji uangalifu. Msikilizaji akiambiwa kwamba hatari "imeongezeka mara mbili", hushtuka. Lakini kutoka mtu 1 hadi watu 2 kati ya 10,000 ni mara mbili, na kutoka 1,000 hadi 2,000 kati ya 10,000 ni mara mbili vilevile. Hapa tunarudi kwenye swali letu la asili.

Mfano wa ikisiri ya barazani

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakitoshelezi sayansi. Dai hili halina mashiko. Utafiti wa damu uliotajwa hapo juu waweza kuelezwa barazani Kangemi hivi: "Tulipima damu ya watu 3,098 waliojitolea kuchangia damu. Hatukupima kila mtu, na wachangiaji hawafanani na Wakenya wote, kwa hivyo tulirekebisha hesabu. Tunakadiria kwamba kati ya kila watu 100 nchini, virusi vilikuwa vimewapitia kama wanne; huenda ni watatu, huenda ni sita. Hapa Nairobi ni kama saba. Hatusemi nani alimwambukiza nani. Tunasema kwamba waliougua bila kujua ni wengi kuliko waliopimwa hospitalini." Maelezo haya hayamalizi hata dakika moja, na bado yana sampuli, marekebisho, kadirio, masafa na mpaka wa dai. Hakuna lililopotea ambalo mwananchi angelihitaji.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi katika kifungu cha 7. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, na kifungu cha 43 kinampa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Mwezi wa Februari 2022, Umoja wa Afrika nao uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Haki hizi hazitatimia kwa kutajwa tu.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Mosi, kila ikisiri inayokubaliwa katika makongamano yanayoandaliwa nchini iambatane na ikisiri ya Kiswahili. Pili, idara za Kiswahili na za afya ya umma katika vyuo vyetu zishirikiane kukubaliana juu ya istilahi chache za msingi, kuanzia zile za mafundo manne tuliyoyaeleza. Tatu, matokeo yarudishwe mtaani kabla au mara baada ya kongamano, na wakazi wapewe muda wa kuuliza usiopungua ule wanaopewa maprofesa. Huenda swali la mama wa Kangemi likamshinda mtafiti kuliko la mwenyekiti wa kikao, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mtungi ulijazwa wapi. Ni wajibu wetu, tulio wanafunzi wa lugha hii, kuhakikisha kwamba anapoambiwa idadi ya wagonjwa, anao msamiati wa kuuliza: kati ya wangapi?