Je, Wajua Kwa Nini Dumu Lililopasuka Huzibika kwa Moto?

Miyuji, kama sehemu nyingi za Dodoma, maji hayachezewi. Mvua ya hapa haizidi sana milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ndiyo maana nyumbani hakukosi chombo cha akiba: simtanki jeusi uani, ndoo jikoni, na yale madumu ya njano ya lita 20 yaliyoingia mjini na mafuta ya kula. Dumu likipasuka halitupwi, linapelekwa kwa fundi wa kuziba.

Mtazame akiwa kazini. Kipande cha chuma kinakaa kwenye jiko la mkaa mpaka kipate moto sana, kisha anakipitisha kwenye ufa hadi kingo zilainike. Anachukua kiraka alichokikata kwenye dumu jingine bovu, anakilainisha kwa chuma hichohicho, anakibandika na kukikandamiza. Gundi hatumii, na ana haki: gundi nyingi za dukani hazishiki kwenye plastiki hii.

Dumu limetengenezwa kwa polithini ngumu, ambayo njia yake ya kuitengeneza bila mgandamizo mkubwa iligunduliwa na mkemia Mjerumani Karl Ziegler mwaka 1953. Molekuli zake ni minyororo mirefu mno iliyolaliana kama tambi kwenye sahani, bila kufungana. Joto likifika nyuzi 130 hivi, minyororo inateleza. Ikipoa, inatulia palepale ilipokutwa. Kwenye kiraka, minyororo ya huku imeingia kule, na vipande viwili vimekuwa kimoja. Mpini mweusi wa sufuria hauko hivyo. Minyororo yake imefungwa pamoja tangu kiwandani, hivyo moto utauunguza tu bila kuuyeyusha. Mpira wa tairi ni vilevile, na ndiyo sababu mafundi wa katambuga hukata tairi kwa kisu badala ya kuliyeyusha.

Fundi bomba anayeunga mabomba ya PPR kwenye nyumba mpya anafanya kazi ileile ya mziba madumu, ila kwa mashine ya umeme. PPR ni aina ya polipropilini. Mashine inapashwa hadi nyuzi 260, bomba la milimita 20 linakaa humo sekunde 5 tu, kisha linasukumwa kwenye kiungio moja kwa moja, bila kulizungusha. Akichelewa, uso unapoa na kiungio kitakuja kuvuja ukutani.

Lakini kiraka lazima kifanane na chombo. Polithini na polipropilini hazichanganyiki vizuri hata zikiyeyushwa pamoja. Geuza chombo uangalie pembetatu chini: 1 ni PET ya chupa za maji, 2 ni polithini ngumu ya madumu, 5 ni polipropilini. Kama alama imefutika, kata vipande vidogo uvitie kwenye beseni la maji. Kipande cha chupa ya maji kitazama. Cha kifuniko chake kitaelea, maana vifuniko hivyo ni vya polithini au polipropilini, ambazo ni nyepesi kuliko maji.

Namba hizo zina faida mezani pia. PET huanza kulegea kwenye nyuzi 70 na kitu, kwa hiyo usitie uji wa moto kwenye chupa ya maji, itajikunja mkononi. Mfuko laini wa plastiki huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, na chipsi zinazotoka kwenye karai zimepita hapo mbali, kwa hiyo usizifungie humo. Na tafadhali, tusiwashie mkaa kwa plastiki: moshi wake ni mbaya, na kipande cha bomba la PVC kikiungua hutoa gesi inayochoma macho na mapafu.

Adui mkubwa wa dumu hapa kwetu ni jua. Miale yake hukata minyororo kidogo kidogo, na plastiki inakuwa kavu na kuvunjika. Simtanki linavumilia kwa sababu limechanganywa na masizi meusi yanayoifyonza miale hiyo kabla haijafika ndani. Weusi huo pia huzuia mwanga unaolisha ukijani wa majini. Dumu la njano halina kinga hiyo. Liwekeni kivulini, maana likishakaukia juani miaka kadhaa, fundi akigusa ufa kwa chuma cha moto unapasuka mwingine pembeni.