Mvinyo kwa Mtu wa Nchi ya Chai

Msafiri atokaye Uyole kwenda Kyela, akiisha kupita Kiwira na kuukaribia mji wa Tukuyu, huona kulia na kushoto kwake migomba, miparachichi na mashamba ya chai yaliyochumwa yakabaki usawa mmoja, wala haoni mzabibu hata mmoja. Si ajabu, maana mvua ambayo chai huitamani ndiyo ambayo mzabibu huichukia: katika miteremko ya mlima Rungwe hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mzabibu uliopandwa katika unyevu wa namna hiyo huvamiwa na ukungu, majani na matunda pamoja, kabla vichala havijaiva. Lakini mahali ambapo mti wenyewe haukufika, kinywaji chake kimefika. Chupa za Dodoma na za Afrika Kusini zimepangwa rafuni katika maduka ya Tukuyu, zinaonekana mezani katika harusi na sherehe za kipaimara, na kila mwaka watu ambao wazee wao walijua pombe ya kimpumu inayonyonywa kwa mrija husimama mbele ya rafu hizo bila kujua washike ipi. Aghalabu mtu huchagua kwa bei au kwa uzuri wa lebo, akafika nyumbani, akaonja, akakunja uso, akakata shauri kuwa mvinyo haukuumbiwa yeye.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo, maadamu ametimiza umri wa miaka 18, na dini yake na afya yake hazimkatazi. Aliyejiepusha na vileo kwa imani yake, awe Mwislamu au Mkristo, ana heshima yetu kamili, na hakuna lolote katika maneno haya linalomtaka ageuze nia. Mwenye mimba, mwenye kutumia dawa zisizopatana na kileo, na mwenye kushika usukani katika kona na ukungu wa barabara ya Mbeya, hao nao mvinyo si wao kwa wakati huo.

Neno langu la kwanza ni hili: mtu aliyekulia Rungwe si mgeni wa mvinyo kwa kadiri anavyodhani. Wajerumani walipoleta chai katika nchi hii waliijaribu kwanza Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, kisha mwaka 1904 wakaipanda Kyimbila, mwendo mfupi kutoka Tukuyu. Na tangu hapo vizazi kwa vizazi vimechuma, vimeuza na vimekunywa chai, na viwanda vya Katumba na Mwakaleli kwa miaka mingi vimesaga majani ya wakulima wadogo. Katika kunywa huko kaakaa la watu limejifunza ilimu ambayo katika nchi nyingine hufundishwa kwa ada, ilhali wenyewe hawajui kwamba wameipata.

Atakaye hakika ya jambo hilo na afanye jaribio hili, ambalo halina gharama. Atwae majani ya chai ya kwao, kijiko kidogo kimoja katika kila kikombe, vikombe viwili, avimiminie maji yanayochemka. Kikombe cha kwanza akichuje baada ya dakika tatu, na cha pili baada ya dakika kumi. Asitie sukari wala maziwa. Aonje cha kwanza, kisha cha pili, akiizungusha chai kinywani kabla ya kuimeza. Katika kikombe cha pili atahisi ulimi umekauka, fizi zimekazana na mashavu kwa ndani yamekwaruza. Huo ndio ukakasi, na unaletwa na tanini, vitu ambavyo mmea huvitia katika majani, maganda na mbegu zake kwa ajili ya kujihami. Sasa atie maziwa katika kikombe hicho hicho, aonje tena. Ukakasi umelainika, kwa sababu tanini hupenda kushikana na protini: zikiwa peke yake hushikana na protini zilizomo katika mate, na kinywa kikakosa utelezi wake; maziwa yakiwamo, hushikana na protini za maziwa, zikauacha ulimi salama. Nchi iliyojaliwa chai na ng'ombe wa maziwa kwa pamoja imelijua suluhisho hilo siku nyingi.

Basi tanini za mvinyo mwekundu ni ndugu wa karibu wa hizo za chai. Zabibu zikiisha kukamuliwa, nyeupe kwa nyekundu, maji yake huwa meupe karibu yote. Rangi imo katika maganda. Atakaye mvinyo mweupe huyatenga maganda mapema, na atakaye mwekundu huyaacha yalale pamoja na maji siku kadhaa, wakati chachu inapoila sukari na kuigeuza kileo, na katika muda huo maganda na kokwa hutoa rangi na tanini kwa pamoja, sawa na majani ya chai yaliyokaa birikani. Kwa hiyo mvinyo mwekundu ulio mzito, ambao wajuzi huusifu na wauzaji huwasukumia wageni, ni chai ya dakika kumi isiyo na sukari wala maziwa. Mtu hamkaribishi mgeni wake wa kwanza kwa chai ya namna hiyo, wala hana sababu ya kujikaribisha mwenyewe kwa mvinyo wa namna hiyo.

Mambo matatu tu anapaswa kuyatambua anayeanza: utamu, ugwadu na ukakasi. Utamu ni sukari iliyosalia baada ya chachu kumaliza kazi yake au kusimamishwa. Ugwadu ni asidi ya tunda, mfano wa ile inayopatikana katika limau na katika karakara. Ukakasi tumekwisha kuueleza. Wengi huyachanganya mawili ya mwisho na kuyaita yote ukali, kumbe kuyapambanua ni rahisi: meza funda moja, kisha tulia; mate yakikujaa kinywani, ni ugwadu; kinywa kikikauka, ni ukakasi. Mtu akiweza kusema ni kipi kati ya hivyo kilichomchukiza, amekwisha kupata kipimo cha kuchagulia chupa ijayo, na muuzaji hawezi tena kumpotosha.

Hapa sharti nigusie maandishi ya chupa, kwa kuwa mengi yameandikwa kwa Kiingereza na neno moja hukosesha watu fedha zao. Palipoandikwa dry, maana yake sukari imekwisha, hata kama chupa ina picha ya matunda na maua. Palipoandikwa semi-sweet, imebaki kiasi. Na sweet ni tamu kweli kweli. Waumini wengi wa kwetu mvinyo wao wa kwanza ulikuwa divai ya mezani pa Bwana, ambayo aghalabu ni tamu, na kwa hiyo huja dukani na matarajio ya utamu ule. Wakinunua chupa iliyoandikwa dry hustuka, na kosa si lao wala si la mvinyo. Tazama pia asilimia ya kileo. Mvinyo wa kawaida huwa kati ya 11 na 14 kwa mia, maradufu ya bia na zaidi, na chupa ya mililita 750 ni bilauri tano za wastani. Anayeimiminia katika bilauri ya maji mpaka juu hajui anachokunywa. Divai iitwayo Dompo, ambayo wengi huijua kwa utamu wake, imeongezewa nguvu kupita kiasi hicho, na utamu huo huficha nguvu hiyo. Nashauri isiwe mlango wa kuingilia.

Mlango ulio mzuri, kwa nadhari yangu, ni mvinyo mweupe wenye utamu wa wastani, uliopoa vizuri. Hauna tanini za kutisha, na ugwadu wake hukaa sawa na utamu. Zabibu iitwayo Chenin Blanc inafaa sana hapa: ndiyo iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, na hulimwa Dodoma pia, kwa hiyo haikosekani. Mtu akiisha kuizoea iliyo tamu kidogo, ajaribu ya zabibu hiyo hiyo isiyo na sukari, aone ugwadu ukisimama peke yake. Wengine hawatarudi nyuma, na wengine watarudi, na wote wana haki. Kutoka hapo ni mvinyo wa waridi, ambao maganda yamekaa na maji saa chache tu. Kisha mwekundu mlaini, kama ule wa zabibu za Merlot au Pinot Noir. Cabernet Sauvignon na wenzake wa tanini nyingi wangoje. Aidha bei isimtie mtu hofu wala tamaa: sehemu ya bei ya chupa ghali hulipia pipa la mwaloni, na pipa huongeza tanini zake mwenyewe, hata yamkini chupa ya bei kubwa ikamkwaza anayeanza kuliko jirani yake ya bei nafuu. Wala mwaka wa zamani ulioandikwa kwenye chupa ya kawaida si sifa. Mivinyo iliyo mingi hutengenezwa inywewe ingali changa.

Niseme kidogo juu ya Dodoma, maana nadhani mtu wa Rungwe anapaswa kuanza huko. Mizabibu ilioteshwa huko Bihawana na mapadri wamisionari katika miaka ya 1950, ikakubali nchi ile kavu, yenye mvua chache za miezi michache tu na jua la mwaka mzima. Hakuna baridi ya kuilaza mizabibu kama Ulaya. Mkulima ndiye huiamsha kwa kuipogoa, na kwa sababu hiyo huvuna mara mbili katika mwaka mmoja, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa halijui. Kaskazini ya mji huo, Makutupora, pana kituo cha utafiti wa zabibu, na jina la mahali hapo limepewa zabibu nyekundu ya nchi ile, ambayo ndiyo imo katika chupa nyingi za mvinyo mwekundu wa Dodoma. Hombolo ni maarufu vile vile kwa zabibu, na kiwanda cha mvinyo cha Cetawico kiko huko. Wakulima wengi ni wadogo, wenye ekari chache, na zabibu ikiiva haingoji: isiponunuliwa kwa wakati huozea shambani. Mchumaji wa chai anaijua adha hiyo barabara, kwani jani bichi nalo halilali; lisipofika kiwandani siku ile limeharibika. Anayenunua chupa ya Dodoma Tukuyu anamsaidia mtu ambaye shida yake haihitaji kuelezwa.

Katika jambo moja Tukuyu imependelewa kuliko Dar es Salaam. Mvinyo mwekundu hupendeza ukiwa na joto la nyuzi 16 hadi 18, na maneno ya vitabu kwamba unywewe kwa joto la chumba yaliandikwa na watu wa nchi za baridi; katika chumba cha pwani chenye nyuzi 30 kileo hupanda puani na ladha ikapotea. Nyumba za Tukuyu, hususa miezi ya Juni na Julai, zina joto hilo au chini yake pasipo jokofu. Mweupe ndio uhitajio jokofu saa mbili hivi. Wala usinunue chupa iliyopangwa dirishani penye jua, hata ikiwa imepunguzwa bei, kwa kuwa mwanga na joto huiharibu kabla haijafunguliwa.

Chakula ni nusu ya shauri, na hapa somo la maziwa hurudi na faida yake. Nyama ya mbuzi iliyochomwa ina protini na mafuta, nayo hufanya katika mvinyo mwekundu kazi ile ile ifanywayo na maziwa katika chai. Chupa iliyoonekana kali ikinywewa peke yake huweza kuwa laini kabisa pamoja na nyama. Samaki mbasa wa ziwa Nyasa, akikaangwa na kuliwa kwa wali wa Kyela, ataka mweupe wenye ugwadu, kama vile atakavyo limau. Parachichi, ambalo Rungwe limekuwa zao la fahari, lina mafuta mengi, na ugwadu huo huo huyakata. Ndizi zilizopikwa kwa maziwa sijaona mvinyo mwekundu ukizifaa, chai inatosha. Pilipili nyingi nazo huuchochea ukali wa kileo, na panapo pilipili afadhali mvinyo mtamu kidogo, tena usio na nguvu nyingi.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, walisifika kwa kupenda kula na kunywa pamoja na marika wao; mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyekaa Rungwe na mumewe katika miaka ya 1930, aliliandika jambo hilo kwa urefu. Desturi hiyo ni msaada kwa anayejifunza: watu wanne wakichanga na kununua chupa mbili, ya mwekundu na ya mweupe, hupata kulinganisha kwa gharama ndogo, na hakuna anayelazimika kumaliza kile asichokipenda. Kila mmoja aseme kwanza alichohisi, kabla ya mkubwa wao kutoa hukumu, maana vijana humfuata mkubwa hata kwa ladha. Kitakachobaki kizibwe, kiwekwe jokofuni, kinywewe kabla ya siku ya nne au ya tano. Baada ya hapo hewa na vijidudu huanza kukigeuza siki. Kikigeuka nacho kisimwagwe, kwa kuwa huchanganywa na kitunguu na nyanya katika kachumbari, au hulowekewa nyama ngumu usiku mmoja kabla ya kuchomwa.