Vidonge Vitatu vya Wenye Mimba

Mama mmoja wa hapa Makuyuni aliniuliza neno ambalo wengi huliuliza kwa siri. Alisema, "Mwalimu, dawa ya SP mwenye homa hapewi tena; mbona sisi wenye mimba twapewa? Je, sisi ndio wa kupewa mabaki?" Swali hili si la upuzi, maana wako watiao vidonge vitatu kinywani mbele ya mkunga, kisha huvitema nje ya mlango. Basi yafaa lijibiwe kwa mambo yaliyochunguzwa, na mengi yamechunguzwa katika mkoa wetu huu wa Tanga.

Ni kweli kwamba dawa hiyo imedhoofika. Ni dawa mbili katika kidonge kimoja, sulfadoksini na pirimethamini. Katika miaka ya 1950 watu wa Mkuzi, upande wa Muheza, walipewa pirimethamini peke yake ili kuwakinga na malaria, naye Daktari David Clyde akaona kwamba haukupita muda mrefu vimelea vikaizoea. Mwaka wa 2001 Serikali iliacha klorokwini, ikaweka SP mahali pake. Hata hiyo nayo ikashindwa. Watoto walitibiwa na homa ikawarudia, ikabidi tangu mwisho wa 2006 kuleta dawa mseto iitwayo ALu. SP ikaachiwa wenye mimba, si kwa kuponya homa, bali kwa kukinga.

Na kinga wanaihitaji, hasa mwenye mimba ya kwanza. Vimelea hujificha katika kondo la nyuma, na mwili wake haujajifunza bado kupigana navyo huko. Aweza asione homa hata kidogo, huku damu yake yapungua na mtoto akinyimwa chakula tumboni. Mtoto azaliwaye chini ya kilo 2.5 huwa katika hatari kubwa ya kufa angali mchanga.

Sasa sikilizeni habari ya Korogwe. Tangu Septemba 2008 hata Oktoba 2010 wachunguzi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Denmark, waliwafuata wanawake 924 wenye mimba. Katika vimelea vilivyopimwa kwa undani, 44 katika kila 100 vilikuwa na mageuzi sita ya kuishinda SP. Watoto wa mama walioambukizwa vimelea vya namna hiyo walipungukiwa uzito kwa gramu 359 kuliko watoto wa walioambukizwa vimelea visivyogeuka sana. Wachunguzi wakasema desturi ya kutoa SP ifikiriwe upya.

Mtu akiishia hapo atasema mama yule amesema kweli. Walakini kazi haikuishia hapo. Katika 2018 na 2019 wanawake 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania, nao wa mkoa wetu wakiwamo, waligawanywa kama kwa kura. Wengine walipewa SP kila mwezi, wengine dawa mpya yenye nguvu zaidi juu ya malaria. Majibu yalitangazwa mwaka wa 2023. Dawa mpya ilishinda katika kufukuza malaria, kama ilivyotazamiwa. Lakini mabaya ya uzazi, kama vile kuharibika mimba, kuzaa kabla ya wakati, na mtoto kuwa mdogo mno, yaliwapata 23.3 katika kila 100 waliomeza SP, na 27.9 katika kila 100 waliomeza dawa mpya. Nani angalifikiri? Tena waliomeza SP waliongezeka uzito wao wenyewe kuliko wenzao. Yaonekana dawa hii humfaa mama kwa njia nyingine zaidi ya kuua vimelea vya malaria.

Basi si mabaki. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2012 kwamba vidonge vimezwe kila mwenye mimba aendapo kliniki, tangu mwezi wa nne, ikipita mwezi mmoja kati ya mara na mara, naye alale chini ya chandarua chenye dawa. Ila atumiaye kotrimoksazoli kwa ajili ya Virusi vya Ukimwi asipewe SP. Na amwambie mkunga bila haya.

Lakini dawa haimfikii asiyekwenda. Sera ya Serikali yasema mwenye mimba asitozwe fedha. Sawa, ila si fedha tu izuiayo. Msichana apataye mimba nje ya ndoa hujifunika kanga, huwaogopa wazazi, tena hutuogopa sisi wa kanisa, kwa kuwa ajua atatengwa na Meza ya Bwana. Hujificha mpaka mwezi wa saba. Naye ndiye mwenye mimba ya kwanza, ambaye malaria humwumiza kuliko wote. Nami nasema wazi kwa wazee wenzangu: habari ya kumrudi yaweza kungoja. Mara mimba ijulikanapo, mama yake au shangazi ampeleke, apimwe damu, apewe chandarua, na vidonge vyake vya kwanza avimeze mwezi wa nne, si wa nane.