Maji Ndiyo Yanayoua Kranki

Fundi anapofungua kranki ya baiskeli iliyopita masika yote barabarani, mara nyingi hakuti grisi. Hukuta uji wa rangi ya kahawia, gololi zilizopoteza mng'ao, na kwenye ekseli, pale gololi zinapopita, vishimo vidogo ambavyo kidole huvihisi kabla jicho halijaviona. Mwenye baiskeli huambiwa kwamba mzigo ulikuwa mzito, au kwamba vyuma vya siku hizi ni laini. Maelezo hayo huaminika upesi kwa sababu baiskeli zetu hubeba magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi na abiria. Hesabu inayakataa, na inafaa kuifanya kabla ya kutoa fedha kununua botomu braketi nyingine, yaani ekseli ya kranki pamoja na beringi zake, zinazokaa kwenye bomba fupi la chini ya fremu pale mabomba makubwa yanapokutana.

Tuchukue beringi inayotumika kwenye kranki nyingi za kisasa, yenye tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 37 na unene wa milimita 7. Uwezo wake wa kubeba mzigo ni takribani newtoni 4,300. Wahandisi hugawanya uwezo huo kwa mzigo halisi, kisha hulipandisha jibu kwenye kipeo cha tatu. Wanachopata ni idadi ya mamilioni ya mizunguko ambayo beringi 90 kati ya 100 huivuka kabla chuma hakijachoka. Sasa tuseme kila mzunguko unabeba newtoni 1,500, zaidi ya uzito wa watu wazima wawili, bila nafuu hata kwenye mteremko. Nimeuweka mzigo juu kwa makusudi, kwa kuwa beringi ya kulia haibebi mguu peke yake. Hubeba pia mvuto wa cheni, ambao unaweza kukaribia mara mbili ya nguvu ya mguu. Hata hivyo jibu ni zaidi ya mizunguko milioni 23. Ukikanyaga mara 70 kwa dakika, hizo ni zaidi ya saa 5,500. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, ni zaidi ya kilomita 65,000. Kranki inayokufa katika msimu mmoja wa mvua haijafika hata karibu na hapo. Kuna kitu kilichoiwahi.

Maji hayahitaji kuwa mengi. Grisi hulinda beringi kwa kuweka utando mwembamba mno kati ya gololi na njia yake, na matone machache yakichanganyika nayo, utando hukatika na chuma hugusa chuma. Chuma chenyewe kina kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu asilimia 1.5 hivi, mchanganyiko unaokipa ugumu mkubwa lakini haukikingi na kutu. Baiskeli ikilala imelowa, kutu huanza pale pale gololi ziliposimama. Matope nayo huleta chembe za mchanga, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha beringi, na zikishaingia hakuna grisi itakayozizuia kusaga. Watu wengi hutazama matope yanayorushwa na tairi na kusahau njia ya pili, ambayo kwangu ndiyo ya hatari zaidi: mvua huteremka kando ya bomba la siti, hupenya kwenye mwanya wake na kwenye matundu ya bolti za kishikio cha chupa, kisha hukusanyika ndani ya bomba la kranki kwa sababu hapo ndipo chini kabisa pa fremu. Mahali kama Bukoba, ambako hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, bomba hilo linaweza kukaa na maji siku nyingi bila mtu kujua. Madigadi nzuri huzuia maji ya tairi. Haya ya ndani haiyafikii.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: beringi imefungwa pande zote mbili, nje na ndani? Muundo wa zamani wa vikombe na gololi, ulioko kwenye baiskeli nyingi zinazobeba mizigo Afrika Mashariki, huwa wazi kabisa kwa upande wa ndani, na kwa nje mara nyingi hutegemea mwanya mdogo tu. Katriji, yaani ekseli na beringi zilizofungiwa pamoja kama kitu kimoja, ikiwa ni ya kufunga kwa thredi na yenye ekseli ya ncha za mraba, ina sili za mpira zinazogusa chuma, na mwili wake wote umefunikwa ndani ya fremu. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa njia za matope. Kranki zenye beringi za nje ya bomba, zilizoenea tangu mwaka 2003 hivi, zina beringi pana na hufungwa kwa urahisi, ila zimeiweka sili mahali maji yanaporuka moja kwa moja. Zile zinazosukumwa kwa nguvu ndani ya fremu bila thredi ningeziacha, kwani fremu isipochongwa kwa usahihi hubaki mwanya, na maji hayapuuzi mwanya.

Mtu anayeijua historia ya vyuma hivi atanipinga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji walinenepesha ekseli bila kupanua bomba la fremu, gololi zikalazimika kuwa ndogo, na beringi nyingi za namna hiyo zikachakaa mapema. Si ushahidi kwamba mzigo ndio unaoua? Unaua pale beringi inaponyimwa nafasi, nakubali. Lakini ekseli nyembamba ya mraba huacha nafasi ya gololi nene na ya sili pamoja, kwa hiyo historia hiyo inaitetea katriji ile ile. Wengine husema tununue gololi za kauri. Kauri haishiki kutu, ni kweli. Ila njia inayopitiwa na gololi hizo kwa kawaida bado ni chuma, nacho hutoboka kama kawaida. Na anayelalamika kwamba sili ya mpira inakaza mzunguko anazungumzia nguvu ndogo sana, ambayo mtu aliyebeba gunia hawezi kuihisi.

Pingamizi zito ni la fundi. Vikombe hufunguka, gololi za robo inchi hupatikana karibu kila soko, na kazi huisha mchana mmoja. Katriji ikifa hutupwa. Hoja hii naiheshimu, na mahali ambapo katriji haipatikani inashinda: hapo mtu abaki na vikombe, aweke gamba la plastiki la kuzuia maji ya ndani, atoboe tundu dogo chini ya bomba maji yatoke, na abadilishe grisi kabla ya masika na baada yake, akitumia ile ya boti kama ipo. Lakini wepesi wa kutengeneza haufuti siku za kazi zinazopotea, wala ekseli na vikombe vilivyotoboka haviponi kwa kuwekewa gololi mpya. Penye katriji dukani, hesabu ya mwaka mzima iko upande wake.

Kabla ya kununua, pima. Baiskeli yenye kranki za pini itahitaji kranki mpya za tundu la mraba, na gharama hiyo isifichwe. Kiwango cha Kiingereza kilichoenea zaidi kina thredi 24 kwa inchi, lakini fremu za zamani za Raleigh kutoka Nottingham zina 26, na katriji ya kawaida ikilazimishwa humo huharibu fremu. Bomba lina upana gani, milimita 68 au 73? Ekseli ina urefu wa kuiweka cheni sawa? Na kumbuka kwamba katika kiwango hicho upande wa kulia una thredi za kinyume: hufunguka kwa kuzungusha spana kama mshale wa saa. Paka grisi kwenye thredi zenyewe pia, maana kutu ikizishika, katriji haitatoka siku utakapoihitaji itoke.