Bukavu: Gari iliyotoka Walungu isimame wapi?

Basi ndogo iliyotoka Walungu asubuhi imepita Nyantende, imepita Panzi na Essence, na sasa inakaribia Place Major Vangu. Zaidi ya kilomita 40 zimekwisha. Zimebaki chache tu kufika katikati ya muji wa Bukavu, na hapo ndipo safari inakuwa ngumu. Dereva anatafuta mahali pa kusimama dakika kumi, watu washuke na mifuko ya mihogo iteremshwe. Hapati. Kando ya barabara kumejaa gari ambazo hazijatikisika tangu saa mbili ya asubuhi.

Basi anafanya kama wenzake: anasimama barabarani. Nyuma yake honi zinalia, wamotari wanapenya huku na huku, na mama mwenye mtoto mgongoni anashukia pale pale ambapo gari zingine zinapita.

Kuna jambo ambalo wakaaji wamelizoea hadi hawalioni tena. Kongo tunaendesha upande wa kuume, lakini Hiace nyingi za mashariki ya inchi zinatoka Japani, volani iko kuume. Mlango wa abiria katika gari hizo uko kushoto. Kwa hiyo hata dereva akisimama vizuri kabisa pembeni, mlango unafunguka upande wa magari yanayopita, si upande wa trotwari. Kujisogeza pembeni hakumlindi abiria wa Hiace. Yeye anahitaji uwanja ambao mtu anaweza kushuka bila kuogopa.

Muji wa zamani, gari za leo

Wabelgiji walipojenga Costermansville, jina ambalo Bukavu ilibeba hadi miaka ya 1950, walifuata rasi tano zinazoingia katika Ziwa Kivu. Ulikuwa muji mdogo wenye gari chache. Barabara kubwa, ambayo leo ni Avenue Patrice Emery Lumumba, ilipita juu ya mgongo wa milima, na nyumba za biashara zikapangwa kando yake. Leo makadirio yanasema Bukavu ina watu zaidi ya milioni moja, lakini biashara, ofisi na shule nyingi bado zinategemea barabara ile ile katika komini ya Ibanda. Upande mmoja kuna ziwa, upande wa pili kuna mteremko. Kupanua barabara maana yake ni kubomoa nyumba.

Vita iliyofikisha AFC/M23 Bukavu Februari 2025 ilibadilisha wenye kukaa katika ofisi, lakini haikuongeza hata mita moja ya barabara. Anayeongoza muji, awe nani, anakuta shida hiyo hiyo mezani.

Kusimama si kuegesha

Sheria ya barabarani ya Kongo, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inatenganisha vitu viwili ambavyo sisi mara nyingi tunavichanganya. Gari inayokaa muda wa kushusha ao kupandisha watu na mizigo, hiyo imesimama. Ikipitisha muda huo, imeegeshwa.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa parkingi ya katikati ya muji. Tufanye hesabu ndogo. Mwenye duka anaweka gari yake mbele ya mlango kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Kwa saa nane, nafasi ile imetumikia mtu mmoja. Kama nafasi hiyo hiyo ingekuwa ya nusu saa kwa kila mteja, ingepokea gari 16. Na kama ingekuwa ya Hiace zinazoshusha watu kwa dakika kumi, ingehudumia mamia ya abiria kabla ya jioni. Mwenye duka analalamika kwamba wateja hawafiki, kumbe gari yake mwenyewe ndiyo imewafungia mlango.

Jambo hilo si geni duniani. Mashine ya kwanza ya kulipisha parkingi iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, kwa senti tano. Wafanya kazi wa katikati ya muji walikuwa wanajaza barabara na gari zao kuanzia asubuhi, na wateja wakikosa nafasi. Malipo yaliwekwa ili gari ziondoke na zingine ziingie. Lengo la kwanza lilikuwa nafasi, na pesa ikafuata.

Jeton inanunua nini?

Huku kwetu watu wengi wanajua parkingi kupitia jeton. Dereva wa usafiri wa watu anaifahamu vizuri: unalipa, unapewa karatasi, unaendelea. Sheria ya 2008 juu ya ETD inasema muji, komini, sekta na shefferi zote zina pesa zao wenyewe. Halafu amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 inapanga orodha ya kodi ambazo majimbo na ETD wanaweza kudai. Kisichokuwa katika orodha hakidaiwi.

Maana yake kwa dereva wa Walungu ni hii: anapoondoka yuko katika shefferi ya Ngweshe, ambayo ni ETD, anapofika anakuta muji na komini, ambazo pia ni ETD. Kila mahali anaweza kukuta mkono umenyoshwa. Hakuna ubaya kulipa, kama malipo yananunua kitu. Lakini jeton ya parkingi inapolipwa na mtu ambaye amekosa parkingi, anaiona kama faini ya kuingia muji. Na asiyeona faida ya jeton hutafuta njia ya kuikwepa, ndipo zinaota zile parkingi pirate katika kila kona.

Wenzetu walifanya nini

Miji ya jirani ilipitia njia hiyo. Kigali ilipatia ushirika wa askari wa zamani, KVCS, kazi ya kukusanya pesa ya parkingi pembeni ya barabara. Dereva akawa anajua ni nani anayemdai. Tanzania iliunda TARURA mwaka 2017, na Dar es Salaam ada ya maegesho ikaanza kulipwa kwa simu, kwa namba maalum, badala ya kuweka noti mkononi mwa mtu. Nairobi ilipandisha bei ya siku kutoka shilingi 140 hadi 300 mwaka 2013, kisha ikaleta malipo ya simu. Kelele zilikuwa nyingi, na kila mahali bado kuna wenye kulalamika. Lakini mistari imechorwa chini, na mtu anajua penye nafasi inaanzia na penye inaishia.

Bukavu haihitaji mashine za bei kali ili ianze. Inahitaji rangi na vibao. Kwanza, mita za pembeni zilizo karibu na masoko na benki zitolewe kwa wenye kusimama muda mfupi. Pili, Hiace za Walungu, Kabare na kwingineko zipewe kiwanja cha kushushia watu mbali na njia ya magari, hata kama ni kidogo. Tatu, mwenye kutaka kuegesha siku nzima alipe zaidi, ao aache gari mbali kidogo na atembee. Na jeton iandikwe wazi: kiasi gani, kwa nani, siku gani, na mahali gani dereva ana haki ya kusimama.

Askari wa roulage naye atapumua. Leo kazi yake ni kufukuza gari bila kuwa na mahali pa kuionyesha iende. Gari iliyofukuzwa hapa inasimama mita hamsini mbele, na foleni inahama nayo.

Mwenye kulipa kweli

Katika mjadala huu wanasikika wenye gari, wenye maduka na wenye kukusanya kodi. Mama aliyeteremka na mifuko miwili kutoka soko la Mugogo hana gari wala duka. Lakini basi ikimwacha mbali na soko, atalipa mubebaji ao motari kwa kipande cha njia ambacho alikuwa amekwisha kulipia ndani ya basi. Akichelewa, anakuta wanunuzi wa asubuhi wamekwenda, na jioni atauza kwa bei ya kuangusha ili asirudi na mzigo. Ao ataongeza kidogo kwenye bei ya kila kilo, na familia ya Kadutu itailipa katika sahani yake.

Kwa hiyo parkingi ya katikati ya Bukavu si habari ya wenye gari peke yao. Siku meya atakapochora mstari wa kwanza chini, wa kujua kama umechorwa mahali pazuri ni yule mama: atashuka upande salama, ao atashukia tena katikati ya barabara.