Jino Bovu Haliishii Mdomoni

Jumatatu moja mtoto wa darasa la tatu aliingia darasani akiwa amefungwa kitambaa toka kidevuni mpaka utosini. Wenzake wakacheka. Tulipomfungua tulikuta shavu la kushoto limevimba hata jicho limeanza kuziba, na mwili unawaka moto. Tukamwita mama yake, ambaye huuza mandazi karibu na masomo. Alifika mbio, mikono ingali na unga.

«Mwalimu, ni jino la utoto tu,» akatuambia. «Si litang'oka lenyewe? Ninamupa paracetamol tangu wiki mbili.»

Hatukumlaumu. Wengi wetu, hata sisi walimu, tumesema maneno hayo nyumbani kwetu. Tulimsindikiza kwenye kituo cha afya, na toka pale wakamtuma hospitali. Mtoto alilala huko siku nne akipewa dawa kwa njia ya mshipa, kisha jino likang'olewa. Muganga alitueleza kwamba usaha wa jino ukishuka chini ya ulimi na kuingia shingoni, unaweza kufunga njia ya pumzi. Mtu anakufa kwa jino, na nyumbani watasema amerogwa.

Jino si jiwe. Ndani yake mna mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu vya mdomoni hula sukari tunayoacha kwenye meno na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa jino polepole. Tundu likifika ndani, vijidudu vinashuka kwenye mzizi, toka mzizi vinaingia katika mfupa wa taya, na damu inavibeba. Paracetamol inatuliza maumivu na joto, lakini haiui kijidudu hata kimoja. Ndiyo maana mama yule aliona mtoto amepata nafuu kila jioni, kumbe usaha uliendelea kujaa. Tena magego ya utoto hukaa mdomoni mpaka mtoto ana miaka kumi hivi au kumi na miwili. Kungoja yang'oke yenyewe ni kungoja miaka.

Kwa watu wazima mambo ni hayo hayo. Mtu ambaye milango ya moyo wake ilikwisha kuharibika, kwa mfano kwa sababu ya homa ya viungo aliyopata utotoni, vijidudu vya fizi vinaweza kuganda kwenye milango hiyo na kumletea ugonjwa mkali wa moyo. Mwenye ugonjwa wa sukari, fizi zake huharibika upesi. Na fizi zikiwa wagonjwa, sukari ya damu inakuwa ngumu kushuka. Magonjwa hayo mawili yanasaidiana kumuumiza mtu mmoja.

Na sisi wenye mimba? Fizi huvimba na kutoka damu kirahisi wakati huo, na wengi tunaacha kuzisugua kwa kuogopa damu. Ni kinyume: tusugue polepole, lakini tusugue. Wengine wanasema mama mwenye mimba hawezi kutibiwa meno. Anaweza, hasa toka mwezi wa nne mpaka wa sita. Cha lazima ni kumwambia muganga kwamba una mimba, ili achague dawa zinazofaa. Usaha kukaa mwilini ndio hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni.

Lakini ugonjwa tunaotaka kila mama aujue kwa jina ni noma. Unawapata hasa watoto wa miaka miwili mpaka sita ambao chakula ni kidogo, na mara nyingi wametoka tu kuugua surua au malaria. Hapa kwetu, ambako surua hurudi mara kwa mara na familia nyingi zimekimbia vita zikaacha mashamba, watoto wa namna hiyo tunawaona kila siku. Unaanza na jambo dogo: ufizi mwekundu unaotoka damu, kidonda, harufu mbaya ya mdomo, mtoto anakataa kula. Kisha shavu linavimba. Kwa siku chache tu nyama ya shavu inakuwa nyeusi, inakufa, na shimo linafunguka usoni. Bila matibabu, karibu watoto 9 kati ya 10 wanakufa. Anayepona anabaki na uso ulioharibika, na mara nyingi anafichwa nyumbani kwa haya.

Si uchawi, na hauambukizi. Ukionekana mapema, dawa za kuua vijidudu, kuosha mdomo na chakula cha kujenga mwili vinausimamisha. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliuandika kati ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Tunaomba usisahauliwe katika nyumba zetu. Mtoto aliyetoka kwenye surua, tumwangalie mdomoni kila siku, tumpe sambaza, maharagi, yai likipatikana. Akiwa na kidonda kwenye ufizi, tusingoje soko lipite; twende kituoni siku hiyo hiyo.

Kwa kila siku: mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, kila mtu na wake. Dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya pizi baada ya hapo. Ateme, asisukutue na maji mengi. Majivu na makaa yanakwaruza meno, tuyaache. Na bombo zinazouzwa mlangoni pa masomo (tunajua wauzaji ni wenzetu, nasi walimu hununua), zikiliwa mara moja baada ya chakula si mbaya kama zile za kunyonya toka asubuhi mpaka saa sita.

Kwenye mkutano wa Jumamosi, mwenye mtoto wa chini ya miaka sita aje naye. Tutaleta tochi, na muuguzi wa kituo amekubali kuja kutuonyesha namna ya kuinua mdomo wa juu na kutazama ufizi.